Kupiga Picha Usiku: Haba na Haba Hujaza Kibaba

Mama mmoja ametuuliza swali hili: «Mwalimu, kwa nini simu yangu inapiga picha nzuri mchana, lakini usiku inanipa watu wasio na nyuso?» Swali hili tumelipokea kwa moyo mzito, maana sisi wenyewe tulichelewa kuliuliza, na ucheleweo huo ulitupatia hasara. Kwanza tutasimulia hasara yetu, kisha tutafundisha yale tuliyojifunza baadaye.

Miaka kadhaa iliyopita, jioni moja, jamaa yetu yote ilikusanyika nyumbani kwa mama, hapa Bukavu. Wakwe walikuwa wamekwisha leta mahari ya dada yetu mdogo, wageni walikuwa wamekwenda zao, na umeme ulikuwa umekatika. Mama aliwasha taa ya petroli, akaiweka juu ya meza, akakaa karibu nayo na kuanza kutusimulia habari za arusi yake mwenyewe: jinsi baba alivyofika ukweni na mbuzi, mbuzi akakata kamba, na wakwe wakamkuta bwana arusi katika shamba la mihogo akimkimbilia mbuzi wake, nguo mpya zimejaa udongo. Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Sisi tulitoa simu mfukoni, tukapiga picha. Flashi ikawaka, mama akafumba macho. Tulipoitazama picha, paji lake la uso lilikuwa jeupe kama unga, ukuta nyuma yake mweusi kabisa, na ile taa ya mezani, ambayo ndiyo iliyotuonyesha kicheko chake, ilionekana kama imezimwa. Tukaifunga flashi, tukapiga tena upesi upesi. Safari hii tulipata ukungu wa rangi ya machungwa wenye umbo la mtu. Tukasema: «Basi, si neno, tutapiga vizuri siku nyingine.»

Siku nyingine haikuja. Mwezi uliofuata mama aliugua, akafariki. Ilipotakiwa picha ya kuweka juu ya sanduku, tulitafuta katika simu zote za jamaa, na mwisho tukaikuza picha ya kadi yake ya uchaguzi, ambamo amekunja uso kama mtu anayedaiwa deni asilolijua. Wajukuu wanaokua sasa wanamjua bibi yao kwa uso huo. Kicheko chake tunacho sisi tuliokuwapo, wala hatuwezi kuwagawia.

Simu ile haikuwa mbovu. Mwenye kuishika ndiye aliyekuwa hajui kazi. Basi na tujifunze kazi.

Kamera ni kibaba

Jicho la mtu na kamera havioni kwa namna moja. Mtu akiingia gizani, mwanzoni haoni kitu. Kisha jicho hujizoeza pole pole, na baada ya nusu saa hivi linaona hata njia iliyokuwa haionekani. Kamera haijizoezi hivyo. Lakini imepewa uwezo mmoja ambao jicho halina: inaweza kukusanya nuru na kuiweka akiba, tone juu ya tone, mpaka itoshe. Wazee walisema: haba na haba hujaza kibaba. Mwenye kuelewa methali hiyo amekwisha elewa nusu ya kazi ya picha za usiku.

Mambo matatu hujaza kibaba hicho.

La kwanza ni tundu la lenzi, mlango ambamo nuru inaingia. Ukubwa wake huandikwa kwa herufi f na namba, nayo namba inakwenda kinyume: namba ndogo ni mlango mpana. Tundu la f/2 linaingiza nuru mara mbili kuliko f/2,8, na mara nne kuliko f/4.

La pili ni muda ambao mlango huo unakaa wazi. Mchana kamera huhitaji sehemu ndogo sana ya nukta, kwa mfano 1/500. Usiku inahitaji 1/30, ama 1/4, ama nukta kumi nzima. Kila unapouongeza muda mara mbili, nuru nayo inaongezeka mara mbili.

La tatu ni namba ya ISO, yaani wepesi wa kamera wa kusikia nuru. Kutoka 100 kwenda 200, kwenda 400, kwenda 800, kila hatua inatosheka na nusu ya nuru iliyotakiwa na hatua iliyotangulia. Lakini wepesi huu una bei yake: namba ikipanda sana, picha hujaa chembechembe kama mchanga, na rangi zinachafuka.

Tutoe mfano. Mtu amekaa karibu na mshumaa mmoja. Kwa tundu la f/2 na ISO 100, kamera inahitaji robo ya nukta hivi ili uso wake uonekane. Kwa ISO 400 itahitaji 1/15. Kwa ISO 1600 itahitaji 1/60. Uangavu wa picha ni uleule katika hesabu zote tatu. Kazi ya mpiga picha ni kuchagua atalipa kwa nini: kwa muda, ama kwa chembechembe. Kila kipimo ni cha kuanzia tu. Mshumaa ukisogezwa, hesabu inabadilika.

Mtu atasema: «Mimi sina kamera, nina simu tu.» Tunamjibu: simu yako ni kamera, ila katika simu nyingi tundu la lenzi halibadiliki. Umebaki na mambo mawili: muda na ISO. Tena tangu mwaka 2018 na 2019 simu nyingi zimekuwa na kazi ya usiku, ambayo katika simu za lugha ya Kifaransa huandikwa «Nuit». Ukiibonyeza, simu inapiga picha nyingi mfululizo kwa nukta chache, kisha inazipanga moja juu ya nyingine na kutengeneza picha moja. Kwa hiyo usiishushe simu mara tu uliposikia mlio. Watu wengi huharibu picha hapo: wanafikiri kazi imekwisha, kumbe kibaba kimejaa nusu.

Kutulia

Hapa ndipo tulipokosea jioni ile kwa mama. Tulifunga flashi, na hilo lilikuwa jema. Lakini tulipiga kwa mkono unaotikisika, tumesimama kwa mguu mmoja, tunacheka. Mlango wa kamera ukikaa wazi kwa muda mrefu, kila mtikisiko wa mkono unaandikwa katika picha. Wapiga picha wana kanuni moja ya zamani: kwa lenzi ya milimita 50, usishike kamera kwa mkono chini ya 1/50 ya nukta, kwa lenzi ya milimita 100, usiende chini ya 1/100. Chini ya hapo, iegemeze.

Kiegemeo cha miguu mitatu ni chombo kizuri, lakini asiyekuwa nacho asikate tamaa. Weka simu juu ya meza, uiegemeze kwa kikombe. Iweke juu ya mfuko mdogo wa mchele au maharagwe. Mfuko utaishika barabara. Ikiwa hakuna meza, egemea mlango, bana viwiko mbavuni, toa pumzi nusu, kisha bonyeza pole pole. Tena, kidole chenyewe hutikisa simu. Kwa hiyo tumia ile saa ya kuchelewesha ya nukta 2 au 3, upate kuondoa mkono kabla picha haijapigwa.

Hata hivyo kiegemeo kinatuliza kamera tu, hakimtulizi mtu. Umwombe unayempiga picha akae kama anayesikiliza habari. Subiri mwisho wa kicheko, wakati uso umetulia na furaha bado haijaondoka. Hapo ndipo ubonyeze. Watoto wadogo hawatulii. Ngoja mpaka wale, ama mpaka walale.

Nuru isogezwe karibu

Nuru inapungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiwa mbali na taa kwa metre moja, anapata nuru fulani. Akirudi nyuma mpaka metre mbili, hapati nusu, anapata robo. Kwa metre tatu anapata sehemu moja ya tisa. Ndiyo sababu flashi ya simu haifai kitu uwanjani: inaunguza paji la uso la aliye mbele, na walio nyuma wanabaki gizani. Tumewaona watu wakiwasha flashi kupiga picha ya mlima ng'ambo ya ziwa. Mlima haupati hata punje ya nuru ile.

Basi, badala ya kuongeza taa, msogeze mtu karibu na taa iliyopo. Taa isiwe mbele ya uso, kwa sababu itaufanya bapa kama sahani. Wala isiwe chini ya kidevu, maana itamfanya mzimu. Iweke ubavuni, juu kidogo ya macho, ili upande mmoja uangaziwe na upande wa pili uingie kivulini pole pole. Kivuli kikizidi, mpe mtoto shuka nyeupe aishike upande wa giza: nuru ya taa itaigonga shuka na kurudi usoni. Taa yenyewe isiingie katikati ya picha, kwa maana moto wake ni mkali kuliko vitu vyote na utaifadhaisha kamera. Ifiche nyuma ya kikombe au chungu. Lakini mshumaa usikaribie chandarua, wala shuka isikaribie moto. Picha moja haina thamani ya nyumba.

Uso wetu

Sasa tufike kwenye neno ambalo mama aliyetuuliza hakulijua, nalo ndilo jibu kubwa la swali lake. Kamera mara nyingi haijui kama inatazama mtu, kanzu au ukuta. Inapima nuru yote iliyo mbele yake na kujaribu kuifanya yote iwe ya wastani, rangi ya majivu. Mtoto mweusi akivaa nguo nyeupe ya Komunyo ya kwanza, kamera inasema: «Hapa nuru ni nyingi mno», inaipunguza, na uso wa mtoto unazama gizani ndani ya nguo yake nzuri. Usiku mambo hugeuka: giza la nyuma ni kubwa, kamera inasema: «Hapa nuru ni haba», inaizidisha, na mahali pa taa panakuwa doa jeupe.

Zamani jambo hili lilikuwa zito zaidi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha filamu katika Marekani zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo, na nyuso nyeusi zilitoka bila alama wala umbo. Kosa halikuwa katika nyuso. Kosa lilikuwa katika kipimo.

Dawa yake leo ni rahisi. Kabla ya kubonyeza, gusa kwa kidole uso wa mtu katika kioo cha simu. Kwa kufanya hivyo unaiambia: «Pima hapa, usipime nguo wala taa.» Katika simu nyingi alama ya jua dogo itatokea kando, iburute juu ama chini mpaka uuone uso ule kama ulivyo. Usiufanye mweupe kuliko ulivyo. Uso mweusi ukiangaziwa na taa ubavuni una nuru yake mashavuni na kwenye daraja la pua. Hiyo itafute, inatosha.

Nje ya nyumba

Msomaji aliyezoea ndani ataweza kutoka nje. Sisi tulio karibu na ikweta, jua huzama kwetu mnamo saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza huingia upesi. Kwa dakika 20 hivi baada ya jua kuzama mbingu zinakuwa za buluu nzito, na taa za mji zimekwisha kuwaka. Hizo ndizo dakika njema za picha ya mji au ya ziwa, kwa kuwa nuru ya mbingu na nuru ya taa zinakaribia kulingana. Baadaye mbingu ni shimo jeusi tu. Kwa hiyo mpiga picha afike mapema, achague mahali, aweke simu juu ya jiwe, angojee.

Katika ziwa Kivu wavuvi wa sambaza hutoka jioni na taa zao, kwa sababu samaki hao huvutwa na nuru. Samaki hao waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwaka 1959, na taa zao ni mojawapo ya mambo mazuri ya kutazama usiku katika nchi yetu. Ukitaka kuzipiga picha, fuata hesabu ya wavuvi wenyewe: usiku wa mwezi mpevu samaki hawazijali sana taa, na uvuvi hupungua, usiku usio na mwezi taa ni nyingi. Lakini jua kwamba mtumbwi hautulii juu ya maji. Ukiacha mlango wazi nukta kumi, kila taa itachora mstari wake. Wengine huipenda mistari hiyo. Asiyeipenda apunguze muda na kuongeza ISO.

Mwezi wenyewe huwadanganya wengi. Kwa kuwa uko angani usiku, wanadhani ni kitu cha giza. Kumbe mwezi ni jiwe linalopigwa na jua. Hutaka muda mfupi karibu kama vitu vya mchana: f/11, ISO 100, 1/100 ya nukta. Ukiuacha muda mrefu utapata sahani nyeupe isiyo na alama.

Tuwaonye pia. Usiku, hasa katika majimbo yetu ya mashariki, usielekeze kamera kwa askari, kwa vizuizi vya njiani, wala kwa madaraja. Na popote ulipo, omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu. Aliye kilioni, aliyelewa, aliye mgonjwa, heshima yake ni kubwa kuliko picha yako.

Waliotutangulia

Kazi hii ina mabwana wake. Huko Paris, Brassaï, aliyezaliwa mwaka 1899, alitembea usiku kucha na kamera yake ya sahani za kioo. Ilisimuliwa kwamba alipima muda kwa sigara: aina moja nyembamba kwa mahali penye nuru kiasi, nyingine nene kwa mahali penye giza zaidi. Kitabu chake cha Paris de nuit kilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Kwetu Kongo yupo Jean Depara, aliyezaliwa mwaka 1928 katika Angola na kufariki Kinshasa mwaka 1997. Alinunua kamera ndogo mwaka 1950 kwa ajili ya ndoa yake mwenyewe, na kutoka hapo akawa mpiga picha wa usiku wa Léopoldville: wachezaji, wanamuziki, vijana waliovaa vizuri. Mwaka 1954 Franco alimchukua kuwa mpiga picha wake. Leo picha za Depara zinaonyeshwa Ulaya, nasi tukizitazama tunawaona watu wa miaka 60 na 70 iliyopita wakicheka kama wa jana. Alianza kama ninyi, kwa sababu alitaka kuweka ukumbusho wa jamaa yake.

Kazi ya juma hili

Kila msomaji afanye hivi nyumbani kwake. Azime taa kubwa, awashe mshumaa mmoja au taa moja. Amkalishe mzee wa nyumba ubavuni mwa taa. Aegemeze simu, afunge flashi, aguse uso katika kioo, angojee utulivu, apige picha tano. Kisha aisogeze taa kwa urefu wa mkono mmoja, apige tano nyingine. Alinganishe. Atajifunza katika nusu saa kuliko katika safu hii yote.

Sisi tulifanya hivyo juma lililopita kwa baba. Alinung'unika kwamba tunapoteza petroli. Tulimwomba atusimulie habari za mbuzi. Alikataa, alisema mama ndiye aliyejua kuisimulia. Kisha akaanza mwenyewe, na alipofika kwenye shamba la mihogo akanyamaza, akaitazama taa. Hapo tulibonyeza. Picha si kamili: mkono wake ulioshika kikombe umetikisika, na pembeni kuna chembechembe. Lakini uso upo wote, na macho, na mvi za ndevu moja moja. Mtoto wetu wa miaka minne ameiona asubuhi, akasema: «Koko anamfikiria bibi.» Tumeichapisha siku ileile, tukaitundika ukutani karibu na ile picha ya kadi.

Wasomaji wapenzi, taa zenu ni zilezile, na simu zimo mifukoni mwenu. Msiseme siku nyingine. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi picha ili zisipotee simu ikiibwa au ikianguka majini. Kaeni salama.